Shahidi Aliyekataliwa: Kisa cha Ahmed Khalfan Ghailani

Tarehe 6 Oktoba 2010, siku chache kabla ya kesi kuanza kusikilizwa mbele ya jopo la raia, Jaji Lewis Kaplan wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwaambia waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani kwamba mmoja wa mashahidi wao wakuu hataruhusiwa kutoa ushahidi.

Shahidi huyo alikuwa Mtanzania. Kwa maelezo ya serikali, ndiye aliyemuuzia mshtakiwa, Ahmed Khalfan Ghailani, baruti ya TNT iliyotumika kulipua ubalozi wa Marekani Dar es Salaam mwaka 1998. Waendesha mashtaka wenyewe walikuwa wamemwelezea kuwa ni shahidi mzito mno kwa upande wao. Alikuwa hai, alikuwa anajulikana alipo, na alikuwa amekwisha kufika mbele ya Jaji Kaplan katika kikao cha awali na kuhojiwa. Kilichomfungia mlango ni namna alivyopatikana. Jina lake lilitoka mdomoni mwa Ghailani alipokuwa mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, katika jela ya siri, hana wakili, hajafikishwa mbele ya hakimu yeyote, na akihojiwa kwa mbinu ambazo serikali haikutaka zijadiliwe hadharani. Serikali iliamua kutobishana kuhusu yaliyompata huko. Ilimwambia jaji achukulie kwamba kila alichosema Ghailani katika kipindi hicho alikisema kwa kulazimishwa. Jaji akachukulia hivyo, akafuata mkondo wa jambo hadi mwisho: kama maneno yalitolewa kwa kulazimishwa, na shahidi akapatikana kwa maneno hayo, basi shahidi naye ni zao la kulazimishwa.

Mjadala wa kuwaweka watuhumiwa wa ugaidi mikononi mwa jeshi au majasusi bila kuwafikisha mahakamani mara nyingi huendeshwa kwa maneno makubwa: usalama, uhuru, vita, katiba. Kisa cha Ghailani kinatushusha chini kwenye gharama yenyewe na kutuonyesha nani aliyeilipa. Kwa maoni yangu, walioilipa zaidi ni wafiwa na majeruhi wa Nairobi na Dar es Salaam.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, mabomu mawili ya kundi la Al-Qaeda yalilipuka kwenye balozi za Marekani, kwa kupishana dakika chache tu. Nairobi walikufa watu 213. Dar es Salaam walikufa 11. Wamarekani katika hesabu hiyo ni 12. Wengi waliobaki ni Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini, wakipita njia, au wakisubiri viza. Majeruhi walikuwa maelfu. Pale Nairobi, jengo la Ufundi lililokuwa jirani na ubalozi liliporomoka lote. Guruneti lilirushwa kwanza, na mlio wake uliwavuta watu madirishani kwenye maofisi ya jirani kuchungulia kulikoni. Bomu kubwa lilipolipuka, vioo viliwaingia machoni. Watu wengi walipofuka siku ile.

Dar es Salaam maafa yangekuwa makubwa zaidi. Lori la Nissan Atlas, lililotengenezwa kwa ajili ya kubebea vitu vya baridi na sasa likiwa limesheheni baruti na mitungi ya gesi, lilifika langoni mwa ubalozi na kukuta boza la maji limetangulia. Halikuweza kupita. Mlipuko ukatokea nje ya ukuta.

Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Upande wa mashtaka ulisema ndiye aliyeshiriki kununua lori lile, akanunua na mitungi ya gesi, kisha akaruka kwenda Karachi siku moja kabla ya milipuko. Wapelelezi walikuta kiwashio cha bomu ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo, katika nyumba aliyokuwa akiishi. Upande wa utetezi ulijibu kwamba alikuwa kijana wa kutumwatumwa tu, leta hiki, nunua kile, na kwamba waliomtuma hawakumwambia wanapanga nini. Hilo ndilo lililokuwa swali la kesi: alijua, au hakujua? Na swali la namna hiyo hujibiwa kwa mashahidi. Mtu aliyeuza TNT ana uzito usiofanana na wa aliyeuza lori. Lori hununuliwa kwa kazi elfu moja. TNT huinunui kwa kubebea samaki.

Kabla ya kwenda mbele, kuna kesi nyingine ambayo watetezi wa kizuizi cha kijeshi huipita haraka. Mwaka 2001, katika mahakama hiyohiyo ya New York, watu wanne walishtakiwa kwa milipuko hiyohiyo. Mmoja wao alikuwa Mtanzania mwenzake Ghailani, Khalfan Khamis Mohamed, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999. Kesi ilisikilizwa hadharani, mashahidi wakaja, mawakili wakabishana. Jopo liliwatia hatiani wote wanne mwezi Mei 2001, na Oktoba mwaka huohuo, wiki chache baada ya Septemba 11 na huku moshi ukiwa haujakatika kwenye vifusi vya Manhattan, wakahukumiwa kifungo cha maisha. Hata kesi hiyo haikukosa doa: Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema wazi kuwa Mohamed alikabidhiwa kwa Marekani kinyume cha sheria. Lakini mbele ya jaji wa Marekani ushahidi ulisimama. Kwa hiyo mwaka 2001 ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba mahakama za kawaida zinaweza kuibeba kesi ya aina hii.

Ghailani hakupelekwa huko. Alikamatwa Julai 2004 mjini Gujrat, Pakistan, baada ya mapambano ya risasi ya saa nyingi. Hati ya mashtaka yake ilikuwa inamsubiri New York tangu 1998. Wangeweza kumpandisha ndege, akafika mbele ya jaji ndani ya siku mbili tatu. Badala yake alikabidhiwa kwa CIA, akapotea machoni pa dunia kwa takriban miaka miwili. Septemba 2006 Rais George W. Bush alitangaza kwamba mahabusu 14 waliokuwa katika jela za siri za CIA wamehamishiwa kambi ya jeshi ya Guantánamo, Cuba. Ghailani alikuwa mmoja wao.

Atatokea wa kusema kwamba huyu hawezi kuwa mfano wa mtu aliyeshikiliwa bila mashtaka, kwa kuwa mashtaka yake yalikuwepo. Ni hoja ya haki, na ndiyo inayonifanya nikione kisa hiki kuwa kizito. Hata mtu ambaye kazi ya upelelezi juu yake ilikuwa imefanyika, hati imeandikwa, mahakama inajulikana na mfano wa wenzake waliotiwa hatiani upo, bado alishikiliwa kana kwamba hati hiyo haipo. Kuanzia 2004 hadi Juni 2009, karibu miaka mitano, hakuna jaji wa kawaida aliyemwona. Mwaka 2007 aliletwa mbele ya baraza la maofisa wa kijeshi hapo Guantánamo, kazi yake ikiwa ni kuamua kama jeshi lilikuwa sahihi kumwita mpiganaji adui, yaani mtu anayeweza kushikiliwa bila kushtakiwa. Wakili hakuwa naye. Maofisa wa jeshi wanapima uamuzi wa jeshi lao wenyewe. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mwaka 2008 akafunguliwa mashtaka kwenye tume ya kijeshi, yaani mahakama maalumu ya jeshi hapo Guantánamo, na adhabu iliyoombwa ni kifo. Kisha serikali ikabadilika Washington, na Juni 2009 utawala wa Barack Obama ukampeleka New York. Akawa mahabusu wa kwanza wa Guantánamo kuhamishiwa mahakama ya kiraia na kesi yake kusikilizwa huko.

Mawakili wake waliomba kesi ifutwe kwa sababu katiba ya Marekani inampa mshtakiwa haki ya kusikilizwa bila kucheleweshwa. Jaji Kaplan alikataa. Alisema miaka miwili ya CIA ilitumika kutafuta habari za kuokoa maisha, na kwamba muda uliopotea Guantánamo haukumharibia Ghailani utetezi wake kwa kiasi cha kutosha. Naiheshimu kazi ya jaji huyu, lakini hapa ninakwama. Haki ya kusikilizwa mapema inapopimwa kwa madhara yaliyoonekana kwenye utetezi peke yake, serikali inapewa ruhusa ya kumweka mtu popote kwa muda wowote, mradi baadaye mashahidi wake wakumbuke vizuri. Mahakama ya rufani ilimuunga mkono Kaplan mwaka 2013, na huo ndio msimamo wa sheria ulivyo.

Turudi kwenye uamuzi wa Oktoba 6, maana ndani yake kuna mambo mawili ambayo magazeti mengi hayakuyapa nafasi.

La kwanza: Kaplan alieleza kwamba si jambo la hakika hata kidogo kuwa tume ya kijeshi ingempokea shahidi yule. Sheria ya tume za kijeshi ya mwaka 2009 nayo inakataza maneno yaliyopatikana kwa mateso au kwa kutendewa ukatili. Waliosema kesi ingebaki Guantánamo shahidi angesikilizwa walikuwa wanajengea juu ya mchanga. Kilichoharibika hakikuharibikia New York. Kiliharibika miaka sita nyuma, siku ile wahusika walipoamua kwamba mtu aliyekamatwa Gujrat ni chanzo cha habari kwanza na mshtakiwa baadaye.

La pili ndilo lililonikaa moyoni zaidi. Katika tanbihi, jaji aliandika kwamba kwa hadhi yake ya mpiganaji adui, Ghailani huenda angeendelea kushikiliwa, kwa mfano wa mateka wa vita, hadi mapigano na Al-Qaeda na Taliban yaishe, hata kama jopo lingemkuta hana hatia. Naelewa kwa nini aliandika hivyo. Alikuwa anawatuliza watu waliohofia kwamba kumkataa shahidi ni kumfungulia gaidi mlango. Lakini fikiria maana yake kwa jopo, kwa mawakili, kwa mfiwa aliyetoka Nairobi kuja kusikiliza. Kama akishinda habanduki jela, na akishindwa habanduki jela, ile siku ya hukumu inaamua nini? Kesi ni kesi kwa sababu inaweza kwenda upande wowote. Na mapigano hayo yataisha lini, nani atatangaza kuwa yameisha, ni maswali ambayo sheria ya Septemba 2001 iliyoruhusu matumizi ya nguvu haikuyajibu. Vita vya kawaida hufikia siku ya kutia saini. Vita hivi havina mtu wa upande wa pili wa kukaa naye mezani.

Kesi ilianza wiki iliyofuata bila shahidi wa TNT. Serikali haikukata rufaa dhidi ya uamuzi ule. Walikuja mashahidi wa lori, wa mitungi, wa kiwashio kwenye kabati, na manusura wa milipuko. Jopo lilipoingia chumbani kujadiliana, siku zikapita. Mjumbe mmoja akamwandikia jaji kwamba yuko peke yake katika maoni yake, kwamba anashambuliwa kwa msimamo wake, na akaomba abadilishwe. Jaji hakumwondoa, aliwarudisha wote waendelee kusikilizana. Tarehe 17 Novemba 2010 wakatoka na jibu.

Mashtaka yalikuwa 285. Walimtia hatiani kwa shtaka moja: kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Mengine yote 284 walisema hana hatia, yakiwemo mashtaka 224 ya mauaji, moja kwa kila aliyekufa.

Kwa sheria, shtaka lile moja lilitosha. Adhabu yake ya chini ni miaka 20, ya juu ni maisha. Januari 2011 Kaplan alimpa kifungo cha maisha bila msamaha na kuamuru fidia ya dola milioni 33. Waathirika walisimama mahakamani siku hiyo wakaeleza walichopoteza. Jaji alisema yote yaliyompata Ghailani mikononi mwa CIA ni madogo mbele ya mateso ya watu wale. Leo yuko gerezani Marekani, na hatatoka.

Lakini kwa aliyefiwa, njama ya kuharibu majengo ni jina gani la kumpa marehemu wake? Mashtaka 224 yalikuwa yameandikwa kwa hesabu ya watu, mmoja mmoja. Mahakama iliyasikiliza yote kisha ikasema kwa kila marehemu: haikuthibitika kwamba huyu ndiye muuaji wake. Inawezekana jopo lingesema hivyohivyo hata kama shahidi wa TNT angesikilizwa. Hatuwezi kujua, na sitajifanya najua. Ila tunajua kwamba ushahidi uliozibwa ulihusu swali lilelile lililowagawa wajumbe, yaani kijana huyu alijua nini. Serikali ya Marekani ilikuwa na nafasi ya kulijibu kwa nguvu zake zote, ikaiuza nafasi hiyo mwaka 2004.

Washington waliisoma hukumu ile kinyumenyume. Mbunge Peter King wa New York aliita matokeo hayo kushindwa kabisa kwa haki, na si yeye peke yake. Funzo walilolichukua wengi ni kwamba mahakama ya kiraia ni hatari, mfungwa wa Guantánamo asiletwe tena. Wiki chache baadaye Kongresi ilipitisha sheria, ikatiwa saini Januari 2011, ya kuzuia fedha za Wizara ya Ulinzi zisitumike kumleta mahabusu yeyote wa Guantánamo ndani ya Marekani, hata kama analetwa kushtakiwa. Obama aliilalamikia lakini akaitia saini. Mpango wa kumshtaki Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11, katika mahakama ya New York ukafa miezi michache baadaye. Kesi yake ikarudishwa kwenye tume ya kijeshi. Alisomewa mashtaka upya Mei 2012. Makubaliano ya kukiri kosa yalifikiwa mwaka 2024, Waziri wa Ulinzi akayafuta ndani ya siku chache, na mwaka 2025 mahakama ya rufani ikakubali yafutwe. Zaidi ya miaka 20 tangu akamatwe, kesi yenyewe haijasikilizwa. Familia za watu karibu 3,000 zinasubiri.

Mwisho wa 2011 ikaja sheria kubwa zaidi, ile ya bajeti ya ulinzi ya mwaka 2012, ambayo vifungu vyake namba 1021 na 1022 vilithibitisha kwa maandishi mamlaka ya jeshi kushikilia watuhumiwa hadi mapigano yaishe, na kutaka baadhi yao wawekwe moja kwa moja mikononi mwa jeshi. Mjadala wa Seneti ulikuwa mkali. Seneta Lindsey Graham alisema mtuhumiwa akiomba wakili aambiwe anyamaze, hana wakili, yeye ni mpiganaji adui. Upande wa pili walikuwemo Dianne Feinstein, Mark Udall na Rand Paul, watu ambao kwa mambo mengine hawakai meza moja. Hoja yao ilikuwa na mfano hai: José Padilla, raia wa Marekani aliyekamatwa uwanja wa ndege wa Chicago mwaka 2002, alikaa zaidi ya miaka mitatu katika jela ya jeshi la wanamaji South Carolina bila mashtaka, kisha akapelekwa mahakama ya kawaida na kutiwa hatiani. Kama alikuwa na kesi ya kujibu, kwa nini hakujibu tangu mwanzo?

Waliopinga kifungu cha 1022 kwa sauti nzito walikuwa ni wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Mkurugenzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, Robert Mueller na Waziri wa Ulinzi Leon Panetta waliandika barua kusema kinawafunga mikono. Hawa hawakuwa wanaharakati. Walikuwa wanafikiria dakika za kwanza baada ya mtu kukamatwa: nani anamhoji, kwa sheria ipi, na maneno yake yatafaa wapi. Sheria ilipita. Februari 2012 Obama akatoa ruhusa nyingi za kutokitumia kifungu cha 1022, kikabaki zaidi kwenye karatasi.

Hoja ya upande wa kizuizi si ya kupuuzwa, na nitaieleza kama wenyewe wanavyoielewa. Wanasema mahakama hutazama nyuma, kwenye kosa lililokwisha tendeka, wakati vita hutazama mbele, kwenye shambulio la kesho. Mtu anaweza kuwa hatari kweli na ushahidi juu yake usiweze kuonyeshwa hadharani bila kumfichua mtoa habari atakayeuawa. Sheria za vita tangu zamani zinaruhusu kumshika askari wa adui bila kumshtaki, kwa sababu kuwa askari si kosa. Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe, katika kesi ya Hamdi mwaka 2004, ilikubali kwamba Kongresi iliruhusu kushikilia wapiganaji waliokamatwa kwenye uwanja wa vita Afghanistan.

Nakubali sehemu ya hayo. Aliyeshikwa na bunduki katika mapigano ya Kandahar anafanana na mateka wa vita. Lakini kesi hiyohiyo ya Hamdi ilisema raia wa Marekani aliyeshikiliwa lazima apewe nafasi ya kweli kupinga mbele ya mwamuzi asiyeegemea upande. Mwaka 2008, katika kesi ya Boumediene, Mahakama Kuu ikasema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba hata mahabusu wa Guantánamo wana haki ya kumwomba jaji wa shirikisho apime uhalali wa kushikiliwa kwao. Na Ghailani hakushikwa vitani. Alitafutwa kwa kosa la jinai lenye tarehe, mahali na majina ya waliokufa.

Ile hoja ya kwamba mtu akipewa wakili hufunga mdomo, nayo ina majibu yake. Umar Farouk Abdulmutallab, Mnigeria aliyejaribu kulipua ndege angani karibu na Detroit siku ya Krismasi 2009, alisomewa haki zake, akanyamaza kwa muda, kisha baada ya FBI kuzungumza na familia yake akaanza kusema. Alikiri kosa mwaka 2011 na kuhukumiwa maisha mwaka uliofuata. Habari zilipatikana na kesi haikuharibika. Tuweke pembeni yake Salim Hamdan, aliyekuwa dereva wa Osama bin Laden, aliyehukumiwa na tume ya kijeshi mwaka 2008. Alipewa miezi 66, ambayo mingi alikuwa amekwisha kuitumikia, akarudishwa Yemen kabla mwaka haujaisha, na mwaka 2012 mahakama ya rufani ikaifuta hatia yenyewe. Anayedai tume za kijeshi ndizo kali na mahakama za kiraia ndizo laini ana kazi ya kuueleza umma tofauti ya watu hawa.

Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kufundishwa mamlaka haya yanavyokua. Tanganyika ilikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, Kenya ikawa na sheria yake ya usalama wa umma iliyomweka ndani Oginga Odinga mwaka 1969. Nchi zote mbili ziliahidiwa kuwa ni kwa ajili ya hatari ya kipekee.

Guantánamo imepokea wanaume 780 hivi tangu Januari 2002. Walio wengi mno waliondoka bila kushtakiwa kwa lolote. Miongoni mwao ni Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007. Marekani ilimhusisha na shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002, walipouawa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Alichukuliwa kutoka nchini mwake mwenyewe, ambako mahakama ziko wazi, akashikiliwa miaka 17 na zaidi. Bodi ya ukaguzi ilisema mwaka 2021 kwamba si lazima aendelee kushikiliwa; ikachukua miaka mitatu mingine kabla ya kurudishwa Kenya, Desemba 2024. Marekani haikumfungulia shtaka hata moja.

Kama alihusika, wafiwa wa Kikambala walistahili kuusikia ushahidi huo, na yeye kuujibu. Kama hakuhusika, alistahili kwenda nyumbani mwaka uleule wa 2007. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi walau walipata siku mahakamani na hukumu ya shtaka moja kati ya 285. Hawa wa Kikambala, kwa miaka yote 17, kutoka kwa serikali iliyomshikilia mtu huyo kwa jina la damu ya ndugu zao, hawakupata hata hati ya kurasa mbili.